Wapeni malenga maiki, na watazamaji nafasi ya kujibu

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nimjibu msomaji mwenzangu wa Morogoro, aliyeandika majuma mawili yaliyopita kwamba ushairi wetu umekwisha kwa sababu vijana wa leo hawasikilizi kitu kisicho na ngoma nyuma yake.

Mimi si malenga. Sijawahi kutunga ubeti mmoja ukasimama. Kazi yangu ni kukodisha vyombo: harusi, maulidi, khitma, kampeni, na kigodoro pale njaa inapozidi. Nina spika nane, mixa moja, jenereta mbili na maiki nne, moja ina kutu. Kwa kazi hii nimesikia mashairi mengi kuliko walimu wengi, tena nikiwa nyuma ya mixa, mahali ambapo mtu husikia hata pumzi ya msemaji. Kwa hiyo ninalolisema nalisema kwa sikio, si kwa kitabu.

Hapa Tanga ipo televisheni ndogo ya kebo. Jina lake silitaji, kwa kuwa shida yao si yao peke yao. Analojia ilipozimwa mwaka 2013, na kila mwenye runinga akalazimika kutafuta kisimbuzi, wengi huku Ngamiani walijiunga na waya wa mtaa kwa sababu ndio uliokuwa karibu. Leo waya huo ndio unaowasha runinga ya kinyozi, ya mamantilie na ya duka la fundi simu. Mtu akitaka kufikisha jambo kwa watu wa barabara hizi za namba, hana haja ya kwenda Dar es Salaam.

Mwaka jana wakubwa wa kituo hicho walimwita mzee mmoja wa Makorora aje kughani mashairi yake. Siku yenyewe ilikuwa tarehe 7 Julai, Siku ya Kiswahili Duniani. Tangu UNESCO iitangaze siku hiyo mwaka 2021, washairi wetu wamekuwa kama mbuzi wa Idi: hutafutwa kwa siku moja, baada ya hapo hakuna anayeuliza habari zao. Mzee huyu ni fundi cherehani mstaafu, umri wake sabini na kitu, na ni malenga tangu ujana wake. Mimi nilikwenda naye kwa sababu maiki za kituo zilikuwa zinakoroma, nikaombwa nipeleke yangu. Nilipofika, yangu haikutakiwa tena. Walisema inaziba uso.

Basi walimkalisha kwenye kochi jekundu, nyuma yake maua ya plastiki na picha kubwa ya maghorofa ya Dubai, wakambana kile kimaiki kidogo kwenye ukosi wa kanzu. Kanzu ilikuwa imepigwa wanga. Kila akivuta pumzi, kimaiki kinasugua kitambaa, kinatoa mlio wa panya kwenye makaratasi. Mtangazaji, binti mwenye adabu zake, akamwambia, "Babu, una dakika nne. Soma tu kawaida, usiimbe, hiki si kipindi cha muziki."

Hapo ndipo shairi lilipouawa, Mhariri, na hakuna kijana aliyelishikia kisu. Asiyejua atafikiri kughani ni kuimba, na kwamba mtu anaweza kuyaondoa mahadhi shairi likabaki vilevile. Siyo. Mzee yule akighani, ukwapi, yaani nusu ya kwanza ya mshororo, huuinua, utao, nusu ya pili, huushusha, na akifika kwenye kituo, ule mshororo wa mwisho wa ubeti, huiacha sauti itembee yenyewe mpaka ikae chini. Wewe msikilizaji unajua ubeti umekwisha hata kama hukushika neno. Ukimwambia "soma kawaida" anasoma kama mtu anayesoma bili ya umeme. Na ndivyo ilivyokuwa. Mzee ambaye nimemsikia akinyamazisha ukumbi wa harusi wenye watu mia tatu alikwama mara mbili kwenye maneno yake mwenyewe.

Ubeti wa tatu, amefika kwenye kituo, mdomo uko wazi, wakaingiza tangazo la magodoro.

Waliporudi, binti akashukuru, kisha akauliza, "Sasa babu, una ujumbe gani kwa vijana?"

Mzee akamtazama, akasema, "Ujumbe wangu ulikuwa kwenye kituo."

Tulirudi kwa bajaji, hakusema neno mpaka tulipokaribia kwake. Nilidhani amekasirikia magodoro. Kumbe linalomuuma ni lingine. Aliniuliza, "Watu watanijibu wapi?" Nikamwambia sijui. Hawakutoa namba ya simu, hawakusema kipindi kitarudi lini. Akasema, "Basi nimebisha hodi nyumba isiyo na watu."

Neno hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Nimekaa jirani na mzee huyu miaka kumi na tisa, na aliyonifundisha ni mengi kuliko niliyofundishwa darasani. Huniambia kwamba shairi la Kiswahili tangu asili yake hutungwa likingoja jibu. Muyaka wa Mombasa na Bwana Zahidi Mngumi wa Lamu, zaidi ya miaka mia mbili iliyopita, walikuwa wakirushiana beti kutoka mji hadi mji, na ugomvi wa miji yao ukiwa ndani ya beti hizo. Hakukuwa na gazeti wala redio. Watu waliyabeba kwa vichwa, ndiyo maana Mwalimu Sikujua alipokuja kumkusanyia Taylor, mmisionari wa Kizungu, mashairi ya Muyaka, mwenyewe Muyaka akiwa kaburini miaka mingi, aliyakuta bado vinywani mwa watu. Lilipokuja gazeti la Mambo Leo mwaka 1923, malenga walihamia humo na tabia yao ileile: huyu wa Tanga anauliza swali, yule wa Tabora anamjibu, wa Lindi anaingilia kati kuwaamua, kila mmoja na lakabu yake. Shaaban Robert, aliyezaliwa hapa kwetu Machui mwaka 1909, aliandika zama hizo za magazeti na kufariki mwaka 1962, wakati huku Bara hakuna hata mtu aliyeota kuwa na televisheni.

Kisha redio. Haya nayakumbuka mwenyewe. Mjomba wangu alikuwa na redio ya National, na betri zikianza kulegea tulikuwa tunazianika juani juu ya bati ili zipate nguvu za jioni. Jioni kulikuwa na vipindi viwili ambavyo ukipiga kelele unakula kofi: taarifa ya habari na Malenga Wetu. Sikuwa naelewa nusu ya mashairi yale. Lakini mjomba alikuwa akisikia swali la malenga mmoja anajibu hapohapo, peke yake, anaibishia redio. Juma zima hakosi la kusema. Huyo hakuwa msomi, alikuwa kuli wa bandarini.

Televisheni ndiyo iliyotuvunjia desturi hii. Wenzetu wa Unguja waliipata tangu miaka ya mwanzo ya 1970, tena ya rangi, sisi tukasubiri miaka ishirini zaidi, na ilipokuja ikatufundisha kutazama na kunyamaza.

Sasa nije kwenye lililofanyika baada ya yale magodoro, maana sikuandika kulalamika tu.

Kijana mmoja mpiga picha wa kituo kile, si mkubwa wao, alikuwepo siku ile na aliona aibu. Alinifuata akaniuliza kama tunaweza kujaribu tena, nje ya studio. Tukakubaliana Alhamisi baada ya isha, kwenye baraza letu la Barabara ya 12, mahali wazee wanakocheza bao na muuza kahawa anakopitia. Kamera moja, taa mbili, jenereta tukaifunga nyuma ya ukuta wa jirani ili ngurumo isisikike. Maiki nilimwekea mzee kwenye stendi, mbali na mdomo kiasi cha shubiri moja, kidogo upande, ili herufi "p" isipige kama ngumi. Kile kitufe cha eko nilikizima kabisa. Vijana wa harusi hupenda niongeze eko mpaka bwana harusi anaongea kama yumo ndani ya tangi, lakini shairi halitaki. Shairi lina vina, zile silabi za mwisho zinazofanana, na vina vinatosha.

Kitu kingine kilikuwa wazo la mpiga picha: kila ubeti ukighaniwa, uandikwe chini ya skrini, mshororo kwa mshororo, kama wanavyoandika tafsiri kwenye tamthilia za Kituruki. Binti yake mwalimu wa jirani ndiye aliyechapa. Sikujua kwamba jambo dogo namna hiyo lingefanya kazi kubwa namna ile. Mtu anayesikia vina kwa sikio na kuviona kwa jicho hapohapo, huanza kujua mlango uko wapi.

Mzee akafungua na fumbo. Nalinakili kama lilivyo:

Nina mtu ni mweusi, makaoye ni motoni,
Pua ndefu si kiasi, hanusi mwake puani,
Anywesha bila kughasi, mwenyewe hanywi yakini,
Nambieni kwa upesi, huyo mtu ndiye nani?

Akaacha hapo. Safari hii namba ya simu iliandikwa skrini nzima, na tukasema majibu yatasomwa Alhamisi ijayo, kwa sharti moja: anayejibu ajibu kwa ubeti, wenye vina vilevile.

Juma lililofuata tulikuwa na ujumbe wa sauti kumi na moja. Jibu la binti wa kidato cha pili ndilo lililozua mambo. Akaghani mwenyewe, sauti inatetemeka:

Jibu ninalo rahisi, mtu yumo barazani,
Ni dele, mimi sikosi, huzungukia vijiweni.

Fumbo kalifumbua. Muuza kahawa alisimama na dele lake, lile birika la kahawa, mkononi, akalinyanyua mbele ya kamera kama kombe la mpira. Lakini hata kabla makofi hayajaisha, muuza samaki mmoja wa soko la Deep Sea, mtu ambaye nilidhani amekuja kunywa kahawa tu, akasema, "Hapana. Hapo pamezidi." Akainua mikono miwili, akaanza kuhesabu kwa vidole: hu, zu, ngu, ki, a, vi, ji, we, ni. Tisa! Vidole vilibaki kimoja. Wazee wakahesabu naye. Watu waliokuwa wanapita wakasimama wakahesabu, na hawajui wanahesabu nini. Mzee wa Makorora akacheka, akasema mizani, yaani hesabu ya silabi, ni nane kwa kila nusu ya mshororo, na dawa yake ni nyepesi: toa "i" moja, sema "huzunguka vijiweni". Binti yule alituma ujumbe usiku uleule: "Nimeitoa."

Msomaji wa Morogoro anisikilize hapa. Mtoto wa kidato cha pili alikesha na mizani ya shairi kwa sababu kuna mtu alimjibu. Hapakuwa na ngoma wala wacheza shoo.

Juma la tatu likaja suala la wanawake. Barazani ni pa wanaume, hilo halihitaji maelezo, lakini kwenye nyumba iliyo nyuma ya baraza yupo bi mkubwa ambaye watu wazima wote wa mtaa wanajua kwamba akitunga, mzee wa Makorora mwenyewe hukaa vizuri. Kutoka hataki, kuonekana hataki. Basi nikachukua waya wangu wa mita kumi na tano, nikaupitisha dirishani, nikampa maiki ile yenye kutu kwa sababu ndiyo nyepesi. Akaghani kutoka ndani, na kamera ikaonyesha pazia. Pazia la maua ya njano, linapulizwa na feni, na sauti inatoka. Dakika sita. Mkubwa wa kituo alipiga simu akafoka kwamba pazia haliwezi kuonyeshwa dakika sita. Usiku ule kinyozi wetu alizima mashine akiwa na mteja nusu kichwa, wakasikiliza wote mpaka mwisho. Mwana Kupona aliusia binti yake kwa utenzi mwaka 1858, akiwa kitandani mgonjwa, na leo bado tunausoma. Sauti ya kutoka ndani haijaanza jana.

Alikuja pia kijana mmoja wa chuo na mashairi yasiyo na vina wala mizani, yale wanayoyaita ya kisasa. Wazee waliguna. Mimi sina upande katika ugomvi huo, ila nitasema kwamba alijua kushika maiki kuliko wote, na mzee wa Makorora baada ya kumkemea kwa maneno alimkemea tena kwa beti nne, na kijana akarudi juma lililofuata na majibu. Yake hayakuwa na vina, lakini yalikuwa majibu.

Kipindi kilikwenda majuma saba. Juma la nane tukaambiwa hakuna mdhamini, na ile saa yetu ikapewa tamthilia. Nilikaa na daftari langu nikapiga hesabu ya kila Alhamisi: petroli ya jenereta, kahawa na kashata, nauli ya malenga wawili watatu. Haikuzidi elfu arobaini. Vyombo vyangu nilivitoa bure, kwa sababu siku ya Alhamisi hakuna harusi. Sisemi kituo kiendeshwe kwa sadaka, najua mishahara na leseni vinalipwa kwa matangazo. Lakini yule mwenye magodoro aliyeweza kukata shairi katikati, kwa nini asiombwe alipie shairi zima, tangazo lake likakaa baada ya kituo? Nilikwenda mwenyewe dukani kwake kumuuliza. Alisema hakuna aliyewahi kumwomba. Ilikuwa tumechelewa, tamthilia ilishaanza.

Watasema watu hawataki. Mbona Lamu tenzi za Ustadh Mahmoud Mau, imamu aliyekuwa pia mwoka mikate, zilisambaa kwa kanda za kaseti na kusikilizwa majumbani miaka mingi kabla hazijatiwa kitabuni? Waliozisikiliza si maprofesa. Na huko huko Lamu, kwenye tamasha lao la utamaduni, mashindano ya ushairi hukaa bega kwa bega na mashindano ya mashua na punda, na watu huja. Sisi Tanga, mji wenye Machui na mji wa taarabu, hatuna hata usiku mmoja wa kudumu.

Nawe Mhariri, usije ukadhani nimekusahau. Ukurasa wako wa mashairi naupenda, lakini safu zenu ni nyembamba mno. Mshororo unakatwa katikati, nusu ya utao inashuka chini, kina kinapotea, na anayejifunza hajui tena ukwapi unaishia wapi. Mzee wa Makorora hukata ukurasa huo kwa mkasi wake wa cherehani na kuyapanga upya mashairi kwenye meza kabla hajayasoma. Tena siku hizi mnachapa shairi la swali na jibu lake halitoki. Miezi mitatu nimefuatilia. Ama watu hawajibu, jambo ambalo siliamini, ama majibu yanaishia kwenye droo.

Ninachoomba si kikubwa. Chapeni mafumbo, na chini yake mwandike siku ya mwisho ya kuleta majibu. Mwenye kituo chochote cha kebo anayesoma barua hii, awe wa Tanga, wa Mtwara au wa Kigoma, atafute baraza moja, usiku mmoja, kamera moja. Kuhusu sauti anipigie, namba yangu mnayo hapo ofisini, nitamwelekeza bila malipo maiki ikae wapi.

Na tuanze sasa hivi. Bi mkubwa wa pazia la njano aliacha fumbo usiku ule wa saba, la mwisho, na kipindi kikafa kabla halijajibiwa. Limekaa barazani miezi minne. Muuza samaki kasema ni moshi, akaambiwa arudi baharini. Mimi nililipata, lakini nimekatazwa kusema, na bi mkubwa alisema ningelikosa mimi, kwa kazi yangu hii, angenidai ile maiki yenye kutu. Naomba ulichape kwa safu pana:

Yuko mtu hana kinywa, na maneno huyasema,
Hajui kula na kunywa, wala hajui kuhema,
Hanyamazi kwa kufinywa, la mwisho ndilo husoma,
Msisubiri kuonywa, huyo nani, watu wema?

Majibu yawe na vina hivyohivyo, mizani nane kwa nane. Muuza samaki atahesabu.

Wako msomaji,
Fundi Maiki,
Barabara ya 12, Ngamiani,
Tanga.